Pipa la Unga Pale Langoni

*Neno lililotolewa katika ibada ya akina mama, sikukuu ya ushirika wetu wa mpakani, Gisenyi*

 

Wazee wa ushirika waliponiomba neno hili liingie katika gazeti letu la sikukuu, waliniambia, "Mama, liandike vile ulivyolisema, usilipambe." Basi nimeliandika vile nilivyolisema. Kama unalisoma ukiwa umekaa kwenye kigoda, mbabula iko mbele yako na mtoto yuko mgongoni, ujue ni wewe niliyekuwa nakufikiria.

Mimi si mchungaji. Pale Petite Barrière wananiita Mama Karoti, kwa sababu ndiyo biashara yangu: karoti, kabichi na vitunguu vya hapa kwetu Rubavu, navivusha Goma asubuhi, narudi mchana. Wengi wenu mnaijua kazi hiyo. Unaamka saa kumi na moja alfajiri, unapanga mzigo, unawaachia watoto uji kwenye termosi, unaingia kwenye mstari na kitambulisho mkononi. Ukifika upande wa pili unapigania mahali pa kuweka beseni. Jioni miguu imevimba, na bado kuna maharage ya kupika. Halafu mtu anakuuliza, "Mama, leo umesoma Neno?" Unanyamaza kwa aibu.

Nataka nianzie kwenye aibu hiyo. Wako akina mama wanaodhani Mungu anapatikana kwa wale tu walio na nafasi: wanaokesha, wanaofunga siku saba, wanaopanda mlimani kuomba. Wao wenyewe, wenye watoto na beseni, wanajiona kama wako nje ya mlango wanachungulia. Kama wewe ni mmoja wao, kaa nami kidogo.

Mama wa kwanza: mjane wa Sarepta

Fungua Biblia yako 1 Wafalme 17, anzia mstari wa 8. Ni wakati wa njaa, mvua imekatika. Nabii Eliya anaambiwa aondoke, avuke aende Sarepta, mji ulio nchi ya Sidoni. Angalia vizuri: anatumwa nchi nyingine, kwa watu wengine, kwa mama asiye wa kabila lake. Na huyo mama anamkuta wapi? Siyo hekaluni, siyo kwenye maombi. Anamkuta langoni mwa mji akiokota kuni.

Nilipoisoma habari hii nikiwa nimechoka siku moja, neno hilo "langoni" lilinigusa. Sisi tunaishi langoni! Lango letu tunaliita bariyeri. Mungu alipotaka kumlisha mtumishi wake alikwenda kumtafuta mama wa bariyeri mwenye kuni mkononi, mwenye unga wa konzi moja na mafuta kidogo, aliyekuwa anakwenda kupika chakula cha mwisho yeye na mwanawe, kisha wafe. Hakuwa na imani kubwa ya kujivunia. Alikuwa amekata tamaa, na alisema hivyo waziwazi kwa nabii. Mungu hakumkemea kwa kusema ukweli.

Sasa jambo la pili. Biblia haisemi kwamba pipa lile lilijaa. Soma tena mwenyewe. Inasema unga haukupunguka na mafuta hayakwisha. Mimi naelewa hivi: kila asubuhi mama yule alifungua pipa, akaona ni kidogo tu, akachota. Kesho yake akafungua tena, akaona ni kidogo, akachota tena. Hakupewa ghala, alipewa unga wa leo. Mama mwenzangu, wewe unayehesabu mfukoni kila jioni kama kesho utapata mtaji wa kurudi sokoni, huyo ni dada yako. Usiseme Mungu hayuko kwa sababu hujawahi kuona pipa limejaa.

Mama wa pili: yule wa Tiro

Fungua Marko 7, mstari wa 24 mpaka 30. Safari hii ni Yesu mwenyewe anavuka kwenda upande huohuo wa Tiro. Anaingia nyumbani, hataki watu wajue. Lakini iko siri gani mama mwenye mtoto mgonjwa asiyoijua? Mama yule, Msirofoinike, mgeni, anaingia na kuanguka miguuni pake kwa ajili ya binti yake. Jibu la kwanza analopewa ni gumu, wengi wetu tungetoka hapo tumekasirika. Yeye hakutoka. Alijibu kwa unyenyekevu na kwa akili, akaomba makombo tu. Alipofika nyumbani alimkuta mtoto amelala kitandani, amepona.

Mama huyu hakuomba maombi marefu. Hakujua nyimbo zetu. Alichokuwa nacho ni mtoto na shida, akavileta kama vilivyo. Hayo ni maombi kamili. Unapokuwa kwenye mstari wa bariyeri unasema moyoni, "Yesu, nimemwacha mtoto ana kikohozi, mwangalie," umeomba. Unapochambua sombe ukalitaja jina la kila mtoto wako, umeomba. Usingoje mlima.

Lakini nisikilize na upande huu. Mtoto akiwa na homa, omba ukiwa njiani kuelekea kituo cha afya, usiombe ukiwa umekaa. Lipa mituweli mapema. Mungu aliyempa muuguzi akili ni yuleyule unayemwomba. Na wewe unayenyonyesha, ukifunga kavu siku tatu, kumbuka kwamba mtoto hakukubaliana na mfungo huo. Zungumza na Mama Pasta, iko namna nyingine ya kumtafuta Mungu katika miezi hiyo. Na mama aliyejifungua juzi, akiwa analia bila sababu, hapati usingizi hata mtoto akilala, anamwangalia mtoto kama si wake, msikimbilie kusema ni pepo. Mpikieni uji, mshikieni mtoto, mpelekeni kwa muuguzi, na muombe naye. Tumewaacha wengi peke yao katika giza hilo kwa sababu tulikuwa na haraka ya kukemea.

Ushuhuda wangu

Sasa nije kwangu. Hapa nitasema jambo ambalo sikulisema kwa miaka.

Machi 2020 mpaka ulifungwa kwa sababu ya Korona. Tulikuwa tumeshazoea kuzuiwa kidogo. Mwaka 2019, Ebola ilipofika Goma, tulinawa mikono na kupimwa joto kila tulipovuka. Lakini safari hii ulikuwa ukimya. Biashara ya kichwani ikafa siku moja. Baadaye ikaruhusiwa wafanyabiashara wadogo wakusanye bidhaa pamoja, gari moja livushe kwa niaba ya wengi, lakini mimi sikuwa na mtaji wa kuingia. Wa kwangu ulikuwa umelala Goma. Kuna mwenzangu wa ushirika, Mkongomani, nilikuwa namwachia mzigo anauza, ananilipa wiki inayofuata. Siku mpaka unafungwa, alikuwa na faranga zangu elfu arobaini na mbili.

Baba watoto ni fundi wa ujenzi, na kazi ya ujenzi nayo ilisimama. Tukala mtaji uliobaki. Tukauza redio. Mimi nilikuwa shemasi na mwimbaji. Kanisa lilipofunguliwa nikasimama nikashuhudia kwamba Bwana ni mwema, na ni mwema kweli, lakini moyo wangu ulikuwa umekauka kama jiwe la Nyiragongo. Nyumbani nilikuwa mkali. Mtoto akimwaga maji, napiga kelele. Akiomba daftari, namwambia, "Unadhani pesa naokota?" Nikavaa kitenge kizuri Jumapili, nikaenda kuombea wengine.

Tena niseme lote: nilimwekea yule dada wa Goma uchungu. Nikasema moyoni, ameshakula pesa yangu, ndivyo watu wa ng'ambo walivyo. Ona jinsi umaskini unavyoweza kukufundisha dhambi ambayo hukuzaliwa nayo.

Ikafika Jumamosi tarehe 22 Mei 2021. Jioni anga la upande wa kaskazini likawa jekundu. Nyiragongo! Mwenye umri wangu hahitaji kuelezwa. Tarehe 17 Januari 2002 nilikuwa msichana wakati lava ilipopita katikati ya mji wa Goma na watu wakamiminika hapa Gisenyi kwa maelfu na maelfu, na magodoro kichwani. Mama yangu alipika sufuria moja kubwa ya maharage, akaita waliokuwa wakipita, akapika tena. Hakuhubiri. Nilikuwa naosha sahani tu, nikilalamika.

Sasa usiku ule wa 2021 mpaka uliachiliwa watu wapite, na barabara zikajaa tena vilevile. Karibu saa sita za usiku nikasikia mlango unagongwa. "Dada, fungua. Ni miye, niko na batoto."

Alikuwa yeye. Watoto wawili, mmoja mgongoni, mmoja mkononi, na kifurushi kidogo. Nyumba ameiacha, hajui kama ipo. Baba watoto akanyanyuka, akawapisha kitanda, akaenda kukaa nje. Nikampa yule mama maji. Kabla hata hajakaa, akafungua pindo la kikwembe chake, akatoa fundo la kitambaa. "Franga yako iko hapa," akasema. "Sikuyikula. Niliogopa kuipa mutu."

Miezi kumi na minne! Amekimbia moto, ameacha masufuria, ameacha nguo za watoto, na katika vitu vichache alivyobeba amebeba deni langu.

Ungedhani hapo nilivunjika, nikalia, nikatubu. La. Nilizipokea, nikazihesabu, nikaziweka chini ya godoro, na sikumwambia mtu. Nikasema moyoni, hizi ni za mtaji, nimeteseka vya kutosha. Naandika hivi kwa sababu nataka ujue kwamba moyo wa mwanamke anayeimba kwaya unaweza kufanya hivyo.

Siku zilizofuata ardhi ilikuwa inatetemeka usiku na mchana, mnakumbuka. Kuta zilipasuka hapa Rubavu, tukawa tunalala nje na watoto. Tulikuwa watu wanane kwenye unga wa watu watano. Nikawa nafikiria pipa la Sarepta, nikawa naomba kwa sauti kubwa kwamba na la kwangu lisiishe.

Likaisha. Jumanne asubuhi nilikwangua chini, nikakuta vumbi. Msitafute muujiza hapo, unga uliisha. Nikageuka nikamkaripia binti yangu kwa sababu alikuwa amempa mtoto wa mgeni kikombe cha mwisho cha uji. Nilimkaripia mbele ya wageni. Alikuwa na miaka tisa. Akanitazama, hakulia, akaniuliza taratibu kabisa:

"Mama, kwa nini ile sauti ya kanisani huleti nyumbani?"

Nilikaa chini. Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Yule dada wa Goma alijifanya hakusikia, akamvuta mtoto wake akaanza kumfunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa.

Tukiwa katika hali ile akaingia jirani yetu. Si wa kanisa letu, tena tulikuwa hatusalimiani vizuri kwa sababu ya mambo ya mpaka wa kiwanja. Ameshika beseni la viazi vitamu. Akasema, "Nimeona mna wageni." Akaweka, akaondoka.

Hapo ndipo niliposikia habari ya mjane wa Sarepta kwa mara ya kwanza, ingawa nimeifundisha mara nyingi. Unga wangu uliisha, chakula hakikuisha, na hakikupita kwangu, mwenye maombi ya sauti. Kilipita kwa jirani niliyemnunia, kwa mtoto aliyetoa kikombe chake, na kwa mkimbizi aliyetunza pesa ya mwenzake. Mungu alikuwa amezunguka nyumba yangu yote akifanya kazi, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nimelalia godoro.

Niliingia ndani nikazitoa zile faranga. Tulinunua unga na maharage na mafuta. Zilizobaki tukazigawa nusu kwa nusu, maana yeye naye angehitaji mahali pa kuanzia. Jioni nilimwita binti yangu nyuma ya nyumba, nikamwambia, "Mwanangu, nisamehe." Nilikuwa sijawahi kumwambia hivyo mtoto. Sisi tunalelewa kwamba mzazi haombi msamaha. Akanijibu, "Sawa mama," akakimbia kucheza. Kwake lilikuwa jambo dogo. Kwangu ndiyo siku niliyookoka upya.

Tufanye nini basi?

Tangu hapo yamepita mengine. Machi 2022 mpaka ulifunguliwa, tukashangilia. Kabla hatujamaliza kushangilia, katikati ya mwaka huohuo, ukaanza kufungwa saa tisa mchana. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mto Sebeya ulifurika na kuingia majumbani. Mvua ya usiku ule iliua zaidi ya watu 130 katika nchi yetu, na wengine kati yenu mlibaki na nguo mlizokuwa mmevaa. Januari 2025 vita vilifika Goma, risasi na mabomu yakaanguka mpaka upande huu, watu wakafa. Siku zile nilipiga simu ya yule dada, haikupatikana. Kesho yake haikupatikana. Nilichota unga asubuhi nikilia. Baadaye ujumbe ukaingia, maneno mawili: "Tuko bazima." Wako waliongoja ujumbe kama huo na haukuja. Hao sitawaambia neno la haraka. Nawaambia tu kwamba mjane wa Sarepta naye, baada ya muujiza wa unga, mwanawe aliugua akafa, na alimlaumu nabii kwa uchungu. Eliya hakumnyamazisha. Alimchukua mtoto mikononi, akapanda naye, akamlilia Mungu. Ukienda kwa aliyefiwa, fanya kama Eliya: beba, lia, hotuba iache nyumbani.

Kwa sisi wengine, nina mambo matatu madogo.

La kwanza, leta sauti ya kanisani nyumbani. Chagua jambo moja tu wiki hii. Labda ni kumsalimia mtoto kabla hujamuuliza kwa nini hajaosha vyombo. Labda ni kuomba msamaha mara moja. Paulo anapomwandikia Timotheo, 2 Timotheo 1:5, anataja imani iliyokaa kwanza kwa bibi yake Loisi, kisha kwa mama yake Eunike. Haitaji mkutano mkubwa wala mhubiri wa kigeni, anataja bibi na mama. Mama yangu hakujua kwamba ananifundisha kwa sufuria ile ya maharage ya 2002. Na binti yangu, aliyetoa kikombe cha uji, mimi sikumfundisha. Nadhani alirithi kwa bibi yake, akaniruka mimi.

La pili, usibebe peke yako. Wavuvi wetu wa sambaza wakitoka jioni, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, ndiyo inayoshika wavu. Mtumbwi mmoja hauwezi. Ingia kwenye ikimina, sema ukweli ukiwa huna. Mama anayevuka na mtoto mchanga, mwonyeshe kituo cha kulelea watoto pale karibu na soko la mpakani, asimwachie msichana mdogo kando ya barabara kama tulivyokuwa tunafanya zamani.

La tatu, usimhesabu mtu wa ng'ambo kwa maneno ya redio. Mhesabu kwa jina lake. Injili yetu ya Kipentekoste nayo ilivuka mpaka: wamisionari kutoka Sweden walianza kazi upande wa Kongo miaka ya 1920, na mwaka 1940 kazi hiyo ikavuka ikafika Gihundwe, kule Cyangugu. Mnyarwanda Mpentekoste na Mkongomani Mpentekoste wamechota kwenye pipa moja. Wakubwa wana mambo yao ya mpaka, na sisi tunatii saa ya kufunga. Lakini hakuna saa ya kufunga maombi.

Yule dada leo ameketi hapa mbele, mstari wa pili, amevaa kitenge cha sare yetu. Amekataa nimtaje jina. Anasema alifanya kitu cha kawaida tu. Na ndivyo ninavyotaka kumalizia: alifanya kitu cha kawaida. Alitunza pesa isiyo yake.

Sasa mama, weka gazeti chini kidogo. Hapo ulipo, bila kusimama, bila kufunga macho kama chungu kiko motoni, sema naye: "Bwana, pipa langu unaliona. Nipe unga wa leo, na unifungue macho nione umepitia mlango gani. Na kama kuna kitu nimelalia chini ya godoro, nipe nguvu ya kukitoa."

Halafu mwite mtoto aliye karibu nawe. Mwite kwa ile sauti.

Mungu awabariki sana. Amina.